Namba Kwenye Kifuniko

Siku za likizo zilikuwa na mpangilio wake. Saa moja asubuhi Mama alimpeleka Babu kwa Shangazi, nyumba ya pili kutoka kwao, kisha yeye na binti yake wakatembea kwenda maabara, Mama mbele na binti nyuma akiburuta miguu. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na shuleni walimwita Karani kwa sababu ya mwandiko wake. Walimu walimpa orodha aziandike upya, wenzake walimpa madaftari awaandikie majina kwenye majalada, na yeye alijua vizuri kwamba mkono wake una sifa. Mtu akishajua kwamba ana sifa, huanza kutafuta mahali pa kuionyesha.

Babu naye hakuwa mzee hata kidogo. Alikuwa mdogo wake Karani, miaka mitano kamili, aliyerithi jina la babu yao na aliyetembea mikono nyuma kama mtu anayekagua shamba. Majirani walimwamkia shikamoo kwa utani, naye aliitikia marahaba bila kucheka. Lakini kwa miezi miwili sasa utani ulikuwa umepungua. Kichwani mwa Babu palikuwa na mapunye. Yalianza kwa duara moja dogo juu ya sikio, nywele zikakatika, ngozi ikatoa magamba meupe, kisha duara likazaa duara. Zahanati ilimpa vidonge, akavimeza vyote bila kukosa hata siku moja, na mapunye yakaendelea kutambaa kana kwamba amepewa peremende.

Mama alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo kidogo cha utafiti. Kazi yake pale, yeye na Daktari, ilikuwa kuchukua mimea, kuiloweka kwenye spiriti, kuchuja na kukausha mpaka ibaki dawa nzito kama gundi, halafu kuangalia kama dawa hiyo inaweza kuua kuvu zinazoleta magonjwa. Daktari alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, na alikuwa na tabia ya kunyamaza kwanza kabla ya kujibu hata salamu. Zahanati ilipoona watoto wanane wa mtaa mmoja hawasikii dawa, ilimtumia magamba yaliyokwanguliwa vichwani mwao. Ya Babu yalikuwa miongoni mwao. Ndiyo yaliyoota haraka kuliko yote, kwa hiyo ndiyo yaliyochaguliwa kwa majaribio.

Maana yake ni kwamba maradhi ya Babu yalikuwa yanalishwa na kutunzwa ndani ya kabati la joto, na mwenye kuyatunza alikuwa Mama.

Maabara ilikuwa na vyumba viwili. Cha nje kilikuwa na masinki, rafu za chupa na meza ndefu, na hapo ndipo Karani aliporuhusiwa kukaa na vitabu vyake. Cha ndani kilikuwa na mlango wenye kioo kidogo, na chini kabisa ya mlango huo, sakafuni, palibandikwa utepe mwekundu. Mama alimwonyesha utepe ule siku ya kwanza na kumwambia kwamba hata nyumba ikishika moto, yeye akimbilie nje, asikanyage ng'ambo ya pale. Alisema kuvu zilizomo mle ndani hazina haraka. Zinatua kwenye ngozi, zinangoja, na mtu anasahau kabisa zilitua lini.

Jumatatu ya kwanza Mama alimpa kazi. Alimletea visahani vinane vya plastiki, vipya, vyenye vifuniko, na kalamu nene nyeusi. Kulikuwa na mimea sita, na mimea haikuitwa kwa majina, iliitwa kwa namba, ili anayesoma majibu asipendelee mmea wowote. Kwa hiyo Karani aandike moja mpaka sita, kisha D kwa kisahani cha dawa ya zahanati, na T kwa kisahani kitupu, ambacho kingewekewa kuvu peke yake bila kitu cha kuizuia.

"Andika kwenye kitako," Mama alisema. "Si kwenye kifuniko. Kuvu inakaa kwenye kitako, na namba ikae na kuvu yake. Umenielewa?"

Karani alielewa. Alikigeuza cha kwanza, akaandika, akakifuta, kwa maana kitako kilikuwa na kingo na kalamu iliteleza, na ile moja ilitoka imepinda kama msumari mbovu. Kifuniko kilikuwa bapa, kinang'aa, kinamwita. Alijaribu hapo. Moja ilisimama wima kama askari. Basi akaziandika zote kwenye vifuniko, namba nzuri zenye mikia, akavipanga na kujipongeza moyoni.

Mama alipokuja kuvichukua alikuwa tayari amevaa glavu, na chakula cha kuvu, kile kitu cha kuganda kama jeli, kilikuwa kimeyeyushwa na kingeganda tena asipokimimina upesi. Aliona vifuniko. Alifyonza meno, akasimama kidogo, akatazama saa.

"Nilisema kitako, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko aliyekasirika. "Haya. Nitakuwa mwangalifu."

Akaingia navyo ndani. Kwenye kila kisahani alimwaga jeli, ilipoganda akaipaka kuvu ya Babu, na katikati akaweka kiduara cha karatasi kilicholoweshwa dawa ya mmea na kukaushwa. Kama mmea una nguvu, Daktari alimweleza Karani, kuvu itaogopa kukikaribia kile kikaratasi, na kitazungukwa na duara safi. Kama hauna nguvu, kuvu itatembea mpaka juu yake na kukifunika. Visahani viligeuzwa chini juu, kitako juu na kifuniko chini, ili maji ya jasho yasidondokee kuvu, vikapangwa kabatini safu mbili za vinne vinne, moja mpaka nne katika safu ya kwanza, na kabati likafungwa. Halifunguliwi mpaka siku ya kumi na mbili.

Siku nane zilipita. Karani alisoma vitabu vyake vyote, akavirudia, akahesabu vigae vya sakafu. Kila alipoinua macho alikiona kile kioo kidogo, na nyuma yake taa nyekundu ya kabati ikiwaka mchana kutwa kama jicho la mtu asiyelala. Alijua mle ndani kitu kinakua. Alitaka kukiona. Ilikuwa kuvu ya mdogo wake hata hivyo, alijiambia, kama vile hiyo ilikuwa ruhusa.

Jumanne, siku ya tisa, Daktari alikuwa hayupo na Mama aliitwa ofisi ya mbele kutia sahihi mzigo. Karani alisikiliza viatu vyake vya mpira vikilia kwi, kwi, mpaka mwisho wa ukumbi. Kisha akavuka utepe mwekundu.

Chumba cha ndani kilikuwa na harufu ya spiriti, na chini ya harufu hiyo nyingine, ya nguo iliyofungiwa mbichi. Alifungua kabati. Hewa ya moto ikamgusa uso. Visahani vilikuwa pale, vimelala kifudifudi, na kupitia vitako vyake aliiona kuvu ya Babu: nyeupe, nene, yenye manyoya, imejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Kisahani kimoja tu katika safu ya kwanza kilikuwa tofauti. Katikati yake palikuwa na duara safi, pana kama jicho la ng'ombe, na ile nyeupe ilikuwa imekoma pembeni yake kama imekatazwa.

Alitaka kujua ni namba gani. Lakini namba zilikuwa kwenye vifuniko, na vifuniko vilikuwa chini. Akaishika safu nzima kwa mikono miwili, akaitoa, akataka kuigeuza mezani. Na mtu akishika visahani vilivyopinduliwa bila kujua pa kushika, anashika vitako, na vifuniko havina habari naye. Safu iliachana. Vitako vinne vilisambaa mezani, vifuniko vinne vikabingirika, kimoja kikaenda kujificha nyuma ya mizani. Alipodaka kisahani kilichokuwa kinaelekea sakafuni, kifundo cha mkono wake wa kulia kiligusa kitu laini chenye unyevu.

Kwi, kwi. Viatu vilikuwa vinarudi.

Alipapasa nyuma ya mizani, akaokota, akafunika hiki na kile na kile, kama mtu anayefunika vyungu jikoni, akavirudisha kabatini, akajifuta mkono kwenye sketi, akaruka utepe. Mama alipoingia alimkuta ameinamia kitabu. Kitabu kilikuwa chini juu, lakini Mama alibeba boksi na hakuona.

Nani angemlaumu kwa kuogopa? Kilichofuata ndicho cha kumlaumu. Angeweza kusema saa ile ile, mkono ukaoshwa, visahani vikatupwa, majaribio yakaanza upya, na yote yangekwisha kwa kukaripiwa. Badala yake alikaa akipiga hesabu. Vifuniko vinne, visahani vinne. Huenda nimepatia, alijiambia. Huenda kila kimoja kimerudi kwake. Aliirudia hiyo huenda mpaka ikaanza kufanana na ukweli.

Ijumaa Mama na Daktari walifungua kabati. Karani alisikia kimya kirefu cha Daktari kupitia mlangoni, kisha sauti yake ikisema, "Namba nne." Mama alicheka. Karani hakuwa amemsikia Mama akicheka tangu mapunye yaanze. Kisahani cha D, walisema, kilijaa kuvu tupu, kwa hiyo ndiyo maana vidonge vya zahanati havikumsaidia Babu. Daktari angeandika barua hospitali kuu wabadilishe dawa. Na namba nne ingeendelea kwenye hatua ya pili, ya tatu, miaka ya majaribio pengine, mpaka siku moja watoto wapakwe marhamu isiyodharauliwa na kuvu sugu.

Karani aliuliza dawa za namba nyingine zitafanywaje. Daktari alieleza kwamba friji ilikuwa ndogo na mimea mingine ilikuwa njiani, kwa hiyo zilizoshindwa zingemwagwa Ijumaa ya wiki mbili zijazo.

"Hata namba moja?" Karani aliuliza. Hakujua kwa nini alianza na hiyo.

"Hata hiyo. Inasikitisha, kwa maana hiyo ni ya kichaka cha mtoni, na mto umekauka. Nilichuma majani ya mwisho mwenyewe. Mpaka mvua zirudi hakuna hata jani." Daktari alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Lakini kilichoshindwa kimeshindwa."

Siku tano baadaye, Jumatano, Karani alikuwa anaosha vyombo alipohisi mwasho kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Palikuwa na kipele chekundu, si kikubwa kuliko mbegu ya nyanya. Alikikuna. Kesho yake kilikuwa kimefunguka. Katikati palikuwa peupe na pembeni pekundu pameinuka, na pale pembeni ndipo palipotembea. Kisahanini duara lilikuwa habari njema, kuvu ikikimbia. Mkononi mwake duara lilikuwa kuvu yenyewe, na haikuwa inakimbia. Alivaa sweta la mikono mirefu kwenye jua kali, akasema anahisi baridi.

Sweta halimdanganyi mama. Kabla ya chakula cha jioni Mama alimshika mkono, akapandisha mkono wa sweta, akaangalia.

"Choa," alisema. "Kuvu ileile imekufikia na wewe. Mmelalia mto mmoja na Babu?"

Karani alifungua mdomo. Babu alikuwa mlangoni, mikono nyuma, anawatazama. Karani akatikisa kichwa kukubali. Baadaye alijaribu kujitetea moyoni kwamba hakusema uongo, alitikisa kichwa tu, lakini kichwa ni chake na alikitikisa mwenyewe.

Kuanzia hapo Babu alitengwa. Mama hakufanya kwa ukatili. Alimtandikia godoro lake pembeni, akampa taulo yake, akamweleza kwa upole kwamba asimguse dada yake, asikae naye mkeka mmoja, kwa sababu amemwambukiza. Babu alisikiliza kama anavyosikiliza mambo yote, kwa makini. Kisha akaenda kutafuta kofia nzito ya sufu ya baba yao, ambaye alikuwa kazini mbali, akaivaa mpaka kwenye nyusi. Hakuivua. Alikula nayo, alicheza nayo peke yake ukutani, jasho likimtiririka mashavuni. Mama alimbembeleza aitoe, akamwambia joto linazidisha ugonjwa. Babu alijibu kwamba hataki itoke iende kwa mtu mwingine. Majirani walipomwamkia shikamoo hakuitikia tena.

Karani aliishi roho juu. Hospitali kuu ilikuwa bado haijajibu barua. Duara lake mkononi lilipanuka, likafikia upana wa kizibo cha soda, na la pili likaanza juu yake. Alihesabu siku zilizobaki kabla ya Ijumaa. Sita. Nne. Mbili.

Alhamisi alasiri, alipotoka maabara na kwenda kumchukua Babu kwa Shangazi, alimkuta uani nyuma ya tangi la maji. Kofia ilikuwa chini. Babu alikuwa na kopo la sabuni ya unga na brashi ya kufulia, na alikuwa anajisugua kichwa. Povu lilikuwa na rangi ya waridi. Karani alipomnyang'anya brashi aliona kwamba ngozi ilikuwa imechubuka kutoka sikio hadi sikio.

"Unafanya nini wewe?"

"Naitoa," Babu alisema. Meno yake yalikuwa yanagongana kwa maumivu lakini hakulia. "Ikitoka nitakaa na wewe tena."

Karani alimwosha kwa maji safi. Alitaka kumwambia ukweli, akaahirisha. Aliogopa Mama atamwaga unga, afukuzwe kazi kwa sababu yake, aliogopa kimya cha Daktari, aliogopa macho ya Babu kuliko vyote. Babu alivaa kofia yake juu ya kichwa chenye maji, akatangulia mbele, na safari hii mikono haikuwa nyuma. Alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili, ili isitoke.

Ijumaa asubuhi chupa tano zilipangwa ukingoni mwa sinki katika chumba cha nje. Zilikuwa chupa ndogo za kahawia, na ndani ya kila moja palibaki dawa kidogo, isiyojaza hata kijiko. Mama alisimama na daftari la kazi, Daktari akamimina. Ya sita ilikwenda na maji. Ya tano. Ya tatu ilisita mdomoni, ikavutika kama asali nyeusi, ikaenda. Ya pili. Daktari aliichukua namba moja, akafungua kizibo, akaiinamisha.

"Usimwage, Daktari."

Wote wawili waligeuka. Karani alikuwa amesimama na hakukumbuka kusimama. Alisema yote kwa mkupuo, kuanzia utepe mwekundu mpaka vifuniko mpaka sketi aliyojifutia, akisema kwa kuangalia sinki. Alipofika kwenye mto wa kulalia aliinua macho, akamtazama Mama. "Si Babu aliyeniambukiza," alisema. "Nilijichukulia mwenyewe humu ndani. Nilikubali tu kwa kuwa niliulizwa."

Daktari alinyamaza. Ndicho kimya alichokuwa amekikimbia siku kumi na saba, na kilikuwa kirefu kweli. Maji yalidondoka bombani. Kisha Daktari alikifunga kizibo cha chupa namba moja, akakikaza, akaanza kuuliza. Visahani vingapi? Safu ipi? Mkono upi uligusa? Saa ngapi? Hakupandisha sauti, na Karani aligundua kwamba maswali ya kawaida ni magumu kuliko kupigwa kelele.

Mama alikuwa amekaa kwenye stuli. "Vifuniko niliviona mimi," alisema. "Niliviona, nikasema nitakuwa mwangalifu. Sikutaka jeli igande. Na mtoto nimemleta mimi mahali ambapo hapaswi kuwa."

"Ndiyo," Daktari alisema. "Tutaliandika na hilo."

Alichukua daftari la kazi kutoka mikononi mwa Mama, akalifungua kwenye ukurasa ulioandikwa NAMBA NNE, akaliweka mbele ya Karani pamoja na kalamu ya wino. Karani aliuliza kama afute yaliyoandikwa. Daktari alitikisa kichwa.

"Hapa hatufuti. Tunapiga mstari mmoja, ili kilichokuwa kimeandikwa kiendelee kusomeka. Chini yake tunaandika kilichotokea kweli. Kisha tunatia sahihi."

Karani alipiga mstari. Akaandika. Mkono ule uliosifiwa na shule nzima ulitetemeka, herufi zikapanda na kushuka, na chozi moja likavuruga neno kifuniko. Mama alitia sahihi chini yake. Daktari aliwaambia kwamba nne huenda ikawa kweli ndiyo yenye nguvu, au moja, na pia huenda ilikuwa mojawapo ya zile zilizokwisha kwenda na maji, na kama ni hivyo wangengoja mvua. Hakuna aliyejua tena. Hicho ndicho kilichokuwa kimeharibika hasa, alisema: kujua.

Wakirudi nyumbani Mama hakumgombeza. Alisema tu kwamba kuna mtu mmoja ambaye hajaambiwa, na kwamba hilo hatalisema yeye kwa niaba yake.

Karani alimkuta Babu kwenye godoro lake. Akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwamba choa hii haikutoka kwake, kwamba yeye aliingia pasipotakiwa na akaogopa kusema. Babu alimtazama chini ya kofia.

"Unanidanganya ili nisilie," alisema.

Karani akaapa. Akamwonyesha mkono. Babu hakuamini, na Karani alielewa kwa nini: siku ile mlangoni alikuwa ameamini kile kichwa kilichotikiswa. Kofia ilibaki kichwani.

Jumanne kazi ilianza upya, kwa visahani vipya, chupa ya kwanza na ya nne, D na T. Mama aliandika mwenyewe, kwenye vitako. Mlango wa ndani uliwekwa kufuli, na Karani akawa anashinda kwa Shangazi, amefungwa bendeji mkononi. Wiki hiyo hospitali kuu ilijibu. Walipewa dawa nyingine, yeye na Babu, vidonge vichungu vya kumeza kwa wiki nyingi, na muuguzi aliwaambia wasithubutu kuacha hata wakiona ngozi imepona, kwa maana kuvu inayoachwa nusu hurudi na ujanja zaidi. Ilibidi mashuka yote yachemshwe na vitana vitupwe.

Jumamosi ya siku ya kumi na mbili shule zilikuwa zimeshafunguliwa. Mama aliwaleta wote wawili mpaka chumba cha nje, nyuma ya utepe. Babu alisimama juu ya stuli ili afikie kioo. Ng'ambo, Daktari katika glavu na kinyago alitoa kisahani kimoja, akakileta karibu na kioo, akawaonyesha kitako. Kuvu ilikuwa imejaa mpaka juu ya kikaratasi. Kwenye kitako paliandikwa 4. Akaleta cha pili. Katikati palikuwa na duara safi, pana, na pembeni mwa kitako, ikisomeka wazi kupitia kioo, 1.

Mama alifunika uso kwa viganja. Karani aliiangalia namba ile, akaikumbuka chupa iliyoinama juu ya sinki.

Daktari alitoka, akavua glavu, akanawa mikono kwa utaratibu wake wote bila kuharakisha. Kisha akamgeukia Karani.

"Ulipogusa kile kisahani, dawa yake ilikuwa kitambaa chenye spiriti na dakika mbili. Ningekukaripia, ungelia, tungekula chakula cha mchana. Ulipoficha, ulikipa kitu kile siku. Na siku ndicho kitu pekee kinachohitaji ili kienee, kwenye mkono wako, kwenye daftari letu, mpaka kwa huyu asiyekuwa na hatia." Akamtupia Mama jicho. "Hata mama yako alikipa dakika alipoviona vifuniko akaacha. Kosa lako liseme lingali dogo. Usilisubiri likomae."

Karani alisema amesikia.

Babu bado alikuwa juu ya stuli, pua kwenye kioo. Aliuliza kama ile nyeupe ni yake. Daktari akamjibu kwamba ndiyo, ni ya kichwani kwake. Akauliza kama dada yake aliitia mkono. Daktari akasema aliitia, hapo ndani, Jumanne moja, na amekiri kwa wino, akitaka kuona daftari atasomewa. Babu alitaka. Daktari akalileta, akamsomea mstari kwa mstari, pamoja na sahihi, huku Karani amesimama pale masikio yakimwaka.

Babu aliomba asomewe tena pale paliposema kwamba si yeye. Akarudiwa. Kisha akashuka kwenye stuli, akavua kofia ya baba yake, akampa Mama. Kichwani, kati ya makovu, vinywele vifupi vilikuwa vimeanza kuchomoza. Akaweka mikono nyuma na kusimama mbele ya dada yake, akingoja.

Karani aliinama. "Shikamoo, Babu," alisema.

Babu alifikiri kwanza. "Marahaba," alijibu.